Kopo la Dawa la Mama Esta

Baba Padre, wazee wetu, wanajumuiya wa Bweri mliosafiri tangu alfajiri, ndugu zetu wa Butiama, na ninyi majirani wa hapa Bunda mliotupokea, familia ya mzee Baltazari Mugeta inaomba utulivu wenu, ili maisha ya marehemu Rebeka Magoti, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mama Esta, yasomwe mbele yenu kabla hajashushwa kaburini, na yasomwe kama alivyoagiza mwenyewe, jambo ambalo kwetu halikuwa jepesi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika kijiji cha Butiama, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Magoti na marehemu bibi Rhobi. Cheti chake cha ubatizo kinasema 1962, lakini dada yake mkubwa, bibi Jeska, aliyeketi hapa mbele, anakumbuka kwamba siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa mtoto huyo alikuwa ameshajua kukaa, kwa hiyo familia imefuata kauli ya bibi Jeska.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akamaliza la saba mwaka 1975, akawa miongoni mwa wasichana wachache wa mwaka ule waliochaguliwa kuendelea na sekondari, lakini aliishia kidato cha pili, Desemba 1977, baba yake alipofariki, naye akaitwa nyumbani kumsaidia mama yake katika shamba la pamba.

Mwaka 1979 alikwenda Musoma kuishi na mama yake mdogo katika kata ya Iringo, akapata kazi ya kufagia na kupanga maboksi katika duka la dawa, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1986. Kwa kuwa alijua kusoma vizuri na mkono wake ulikuwa mwepesi, mwenye duka alimzoesha kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha, akayajua majina ya dawa kama watu wanavyojua majina ya watoto wao, akajua ipi ni ya kifua, ipi ni ya tumbo, ipi ni ya kidonda, ila hakuna aliyemweleza kwa nini dozi ina siku zake na kwa nini lazima imalizwe.

Tarehe 6 Septemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani Butiama na mzee Baltazari Mugeta, mwenyeji wa hapa Bunda, wakati huo akiwa dereva wa lori la kubeba pamba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Esta mwaka 1987, Clementi mwaka 1990 na Robert mwaka 1994. Mwaka 1998 walihamia Bweri, pembezoni mwa mji wa Musoma, wakajenga nyumba, wakafuga kuku, na hapo ndipo lilipoanza kopo.

Wanajumuiya wa Bweri hamhitaji kuelezwa kopo gani. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye kifuniko cha bati, lililokaa juu ya kabati la vyombo, na kila aliyepewa dawa hospitali akaona nafuu kabla hazijaisha, alileta zilizobaki kwa Mama Esta, mara nyingi baada ya sala ya jumuiya, na kila aliyeamka na homa alikuja kuchotewa humo, kapsuli za rangi mbili, septrini, na vidonge vyeupe ambavyo jina lake alilijua yeye peke yake. Mtu akijitetea kwamba daktari alimwambia amalize dozi, marehemu alicheka na kumwambia, "Sasa ukizimaliza zote, jirani yako akiugua atakunywa nini? Akiba haiozi." Walimwita daktari, akawa anakataa kwa mdomo tu, na alikiri mwenyewe kwamba jina lile alilipenda. Kuku wake wakizubaa, aliwafungulia rangi mbili kwenye maji ya kunywa, na mtu akijikata, aliipasua kapsuli akamnyunyizia unga wake kwenye kidonda. Alifanya hayo yote kwa moyo mweupe, bila kumtoza mtu chochote, na sisi wa nyumbani tuliona fahari.

Mwezi Juni 2019 Clementi na mke wake Recho walipata mtoto wa kiume, Jastin, nao wote waliishi nyumba moja na marehemu. Januari 2022 mtoto alianza kukohoa, bibi yake akamchanganyia nusu ya kapsuli kwenye uji, kikohozi kikatulia, dawa ikaachwa, kikarudi, akapewa tena, kikatulia, kikarudi, na Recho alipoomba mara mbili ruhusa ya kumpeleka hospitali aliambiwa na mama mkwe wake, "Mwanangu, utakwenda kupanga foleni kwa dawa hii hii iliyo juu ya kabati?"

Walimpeleka tarehe 7 Machi 2022, katika hospitali moja mjini Musoma, mtoto akiwa hawezi tena kumeza hata maji ya kijiko. Daktari aliuliza kama alikuwa ametumia dawa yoyote nyumbani. Hapa familia inasoma polepole, kwa sababu ndipo marehemu alipotaka pasomwe vizuri. Mama Esta, aliyekuwa amesimama mbele ya mkwe wake, alijibu, "Hapana, daktari." Recho alimtazama, akainamisha kichwa, akanyamaza, kwa kuwa katika malezi yetu mke wa mtoto hamkanushi mama mkwe mbele ya watu, na sisi ndio tuliomsifu siku zote kwa adabu hiyo. Kwa jibu lile mtoto alianzishiwa dawa ya kawaida, ambayo vijidudu vya mwilini mwake vilikuwa vimekwisha kuzoeshwa kwa vipande vipande, na majibu ya kipimo cha damu yalipotoka, yakionyesha kwamba vijidudu vile vilikuwa vimeshakuwa sugu, Jastin alikuwa ameshafariki, tarehe 11 Machi 2022.

Baada ya kuondoa matanga kulikuwa na kikao cha ukoo, uwanjani Bweri, mbele ya majirani. Mdogo wake mzee Baltazari, mzee Ryoba, alisema, "Mama wa siku hizi, simu mkononi, mtoto mgongoni anaungua homa. Angewahishwa, angekuwa anacheza hapa." Watu waliitikia kwa vichwa. Clementi hakumtetea mke wake. Marehemu alikuwa akimimina chai, akaendelea kumimina, na alipomsimulia binti yake Esta karibu miaka mitatu baadaye, akiwa amelazwa Mwanza, alisema kikombe kilijaa mpaka kikamwagika kwenye sahani, na mtu akamwambia pole, akidhani ni uchungu wa mjukuu. Recho alirudi kwa wazazi wake hapa Bunda mwezi Aprili. Hatukudai ng'ombe hata mmoja wa mahari, tukajiona waungwana, kumbe tulikuwa tumebaki na jina lake zuri.

Tangu hapo marehemu alifunga kopo kwa kamba na kulisukuma nyuma kabisa ya kabati, lakini majirani waliendelea kuja, naye aliendelea kulifungua, kwa sababu kumnyima mtu kulitaka maelezo, na maelezo yangefika kwenye kifo cha Jastin. Aliacha kwenda jumuiya akisingizia miguu. Akiitwa daktari, alishtuka.

Tarehe 19 Oktoba 2024 alijikata mguu wa kushoto kwa jembe, akanyunyizia unga wa kapsuli kama alivyozoea kuwafanyia wengine, mguu ukavimba, akalazwa Musoma mwezi Novemba, kisha tarehe 9 Desemba akapewa rufaa kwenda Mwanza. Daktari wa kule alipomuuliza kama alikuwa ametumia dawa nyumbani, alijibu, "Ndiyo, daktari, tangu niko msichana," akalia mbele ya watoto wake, ambao hawakuelewa analilia nini.

Kipimo kiliporudi kikionyesha kwamba dawa karibu zote hazigusi tena kidonda kile, wanafamilia tuliokuwa pale tulibishana kando ya kitanda chake kana kwamba hayupo. Mzee Ryoba alisema, "Sisi tulikunywaga hizo hizo rangi mbili tukapona, hawa wanatengeneza dawa za chaki siku hizi." Robert akamjibu, "Baba mdogo, tuanze na kuku wako. Wana afya kuliko sisi, wanakunywa dawa asubuhi na jioni bila kupanga foleni." Mzee Ryoba akasema, "Na wewe mayai yao ulikuwaga unakula na mikate, hukuuliza." Esta akalaumu maduka yanayomuuzia kila mtu bila cheti cha daktari, mwingine akalaumu wodi kwa kujaza wagonjwa, na daktari aliyetukuta katika kelele hizo alisema kwa upole kwamba hakuna tulichotaja ambacho ni uongo, dawa ikikatizwa, ikigawanywa, ikipewa kuku wazima, ikiuzwa ovyo, na mikono isipooshwa wodini, kila kimoja kinampa mdudu nafasi ya kujifunza, na aliyejifunza kwa mtu mmoja hahitaji kufundishwa upya akihamia kwa mwingine.

Ndipo marehemu aliposema, "Acheni kuwasingizia kuku. Kuku hawakumwambia daktari hapana." Akaeleza yote.

Aliomba Recho aitwe. Clementi alikuja Bunda tarehe 28 Desemba, akapokelewa kwa heshima, akapewa kiti na chakula, na Recho akamrudisha na maneno haya, "Mwambie mama nilishamsamehe. Ila mimi sikusemwa chumbani, nilisemwa uwanjani." Marehemu alipoyasikia alisema mkwe wake amesema haki, na kwa kuwa hatatoka tena kitandani kwenda uwanjani, basi uwanja utakuwa siku ya mazishi yake, watu wote wakiwepo, na historia yake isomwe bila kupunguzwa.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka 63, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Jana jioni mzee Ryoba alipinga maandishi haya, akisema marehemu hasemwi vibaya. Mzee Baltazari akamjibu, "Aliyeagiza ni yeye, si sisi." Ndipo mzee Ryoba akasema, "Basi na langu lisomwe, na jina langu litajwe," na ndiyo maana mmelisikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza, ambao walipigana na ugonjwa tuliowaletea ukiwa umeshapewa silaha, inawashukuru wanajumuiya wa Bweri kwa kumhudumia marehemu zamu kwa zamu, majirani wa Bunda kwa maji, kuni na maturubai, na watu wa kazini kwa Esta na kwa Robert kwa rambirambi zao. Kopo limeletwa, liko juu ya meza karibu na lango, na pembeni yake ameketi muuguzi atakayelipeleka likateketezwe inavyotakiwa, na tunawaomba mlio na makopo kama hayo nyumbani, na tunajua mnayo kwa sababu tumeyajaza pamoja, muyapeleke kwenye zahanati iliyo karibu nanyi, na daktari akiwauliza mmetumia nini, mjibu kweli.

Mwisho, Recho yupo msibani. Yuko nyuma jikoni, anapika tangu juzi, wala hakuna aliyemwomba. Mbele ya ninyi mliokuwepo uwanjani Bweri, familia inatamka kwamba Recho hakumchelewesha mtoto wake, aliomba ruhusa mara mbili tukamnyima, na aliponyamaza alikuwa anatufichia aibu yetu. Clementi ataweka shada baada ya baba yake. Nafasi iliyo kando ya Clementi tumeiacha wazi, hatumlazimishi Recho kuijaza, na asipokuja tutaweka shada lake kwa jina lake.

Mama Esta, yule uliyetaka aitwe mbele ya watu ameitwa. Ulale sasa, upumzike kwa amani.