Gari Limeacha Kuchemsha

Sogeeni, wanangu, sogezeni na huo mkeka, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni, na sitaki kesho mtu aseme Mzee Masoudi aliusia hivi kumbe niliusia vile. Mama Harithi, niinulie mto kidogo. Hapo hapo. Harithi, zima hiyo simu, Dar haitahama ukiiacha kidogo. Raudha, kaa karibu na mama yako. Na wewe Twalha, mume wa binti yangu, usijibanze nyuma ya mlango kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Ingia ukae, kwa sababu maneno yangu mengi yanakuhusu wewe, na si yote matamu.

Mikorosho ya Nandagala na nyumba hii ya hapa Nachingwea sina cha kuamua juu yake. Shehe Mudrik atakuja, atagawa kama sheria ilivyoagiza, mke fungu lake, mtoto wa kiume lake, wa kike lake, na atakayenung'unika akamnung'unikie Mungu. Saturnini jirani nimemsamehe kwa kuliita gari langu birika mbele za watu miaka yote hii, ila siku ya msiba wangu asikalishwe kiti cha mbele. Kilichobaki ni hilo gari lenyewe, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko huu ugonjwa.

Mnalijua Landrova langu. Nililikuta limekaa juu ya mawe nyuma ya ghala, nyasi zimeota sakafuni, nikalifufua, likabeba ufuta na korosho, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa kati ya hapa na Ruangwa wakati basi hazipiti kwa tope. Kasoro yake ilikuwa moja, lilichemsha. Likifika juu ya kile kilima cha njia ya Ruangwa, utokee huku au utokee kule, mshale wa joto umelala kwenye nyekundu na moshi unatoka kwenye boneti, nami nasimama mbele ya nyumba ya Albina, nafungua boneti, nawaambia watu wote shukeni mpumzike. Hapakuwa na mtu wa kugusa mfuniko wa rejeta isipokuwa mimi. Walijaribu wengine wakaungua mikono hadi viwiko. Mimi nilikuwa naweka kitambaa, nasikiliza, nangoja, nazungusha taratibu, na abiria wote wamenizunguka kimya kama wanangoja jina la mtoto. Albina analeta ndoo ya maji na kigoda, ananiuliza habari za njiani, watoto wanaitana, Mzee Masoudi kafika! Pale juu, wanangu, nilikuwa mtu.

Sasa mwaka huu nikaangukia shambani Nandagala, nikalazwa Ruangwa, na huku nyuma huyu bwana akalichukua gari langu. Hakuna aliyemtuma. Raudha ananiambia kwa furaha, baba, Twalha anashughulika na gari. Nikageukia ukutani, mkadhani ni homa. Ilikuwa wivu! Wivu mtupu, nausema kwa mdomo wangu, kwa sababu nikifa nao utaniwasha hata kaburini.

Siku ya kunirudisha mkanilaza nyuma juu ya godoro. Tukaanza kupanda kile kilima. Mshale siuoni, nikawa namuuliza Raudha, uko wapi? Katikati, baba. Na sasa? Katikati tu, baba. Nikafumba macho nikaomba, Mungu anisamehe, nikaomba lichemshe. Niliomba kwa moyo wote kuliko nilivyowahi kuombea mvua, lichemshe mara moja tu, ili huyu asimame pembeni akune kichwa, ili mnishushe mnishike huku na huku, niweke kitambaa changu juu ya mfuniko. Halikuchemsha. Tukafika juu, nikainua shingo nikachungulia dirisha la nyuma, nikamwona Albina kasimama mlangoni na ndoo yake imejaa, katoka aliposikia mlio. Twalha akampigia honi, tukapita.

Tulipofika nyumbani nikamhoji kama hakimu. Ulifanya nini? Akasema alikagua mkanda wa feni, umekaza. Pampu ya maji haivuji. Akachomoa kijiti cha oili, oili haijawa nyeupe kama chai ya maziwa. Akawasha injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, haoni mapovu kwenye rejeta, basi akajua gasketi ni nzima na injini haina kosa. Ndipo akaifungua rejeta yote, akaiinua, akaielekeza kwenye jua, atazame mwanga upande wa pili. Hapakupita mwanga hata wa tundu la sindano. Makapi ya ufuta, mbegu za nyasi, vumbi la barabara, vyote vimeshindiliwa kwenye vile vipezi vyembamba, upepo utapita wapi? Na mnakumbuka kila jioni nilivyokuwa naliosha uso, namwaga ndoo ya maji kutokea mbele. Kumbe kila ndoo iliyasukuma ndani zaidi, yakakauka yakawa tofali. Yeye akamwaga kutokea nyuma, pole pole, mpaka maji yakatoka safi. Basi! Maisha yangu yote nimeliosha uso, huyu kaja kaliosha mgongo mara moja, likapona.

Ningekuwa na nguvu ningemchapa.

Shikeni haya. Ufuta ukishavunwa rejeta ioshwe, tena kutokea nyuma, na kwa maji yasiyo ya kasi, vile vipezi visije vikalala. Mfuniko usifunguliwe gari likiwa la moto, hata kama mnaona mnajua. Maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini inayofoka, itapasuka. Na Harithi, najua umeshaulizia bei ya chuma chakavu, usifikiri mimi ni kiziwi. Hutaliuza, kwa sababu si lako. Nilimuuliza shehe Mudrik, akaniambia mrithi hausiwi, keshapewa na sheria, ila asiye mrithi naweza kumwusia kisichozidi theluthi ya mali. Nikatazama humu ndani, asiye mrithi ni nani? Mmoja tu. Nikacheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika. Gari ni lako, Twalha. Mudrik ni shahidi. Moyo wangu haujakubali, na usingoje ukubali.

Nipe maji, mama Harithi. Kidogo. Yatosha.

Nina sharti moja. Siku mtakayonipeleka Nandagala kunizika mtanipakia humo humo, na wewe ndiye utakayeendesha. Ukifika juu ya kilima, simama mbele ya kwa Albina. Najua maiti haicheleweshwi, sitaki kukaa. Simama, shuka, fungua boneti. Mshale utakuwa katikati, hilo unalijua wewe na mimi, lakini wao hawaoni mshale. Albina akileta ndoo, ipokee. Waache waseme, mnaona, gari limechemsha, limemkosa mwenyewe. Uwaache waseme hivyo, usiwasahihishe. Utaweza? Mtu aliyeliponya gari kwa mikono yake, asimame mbele za watu aonekane kashindwa?

Unasemaje? Sema kwa sauti. Utasimama?

Hivyo tu? Hata hukufikiri? Na ndoo utaipokea... na watu wakicheka?

Ala, Twalha. Nilitaka ukatae. Ungekataa, ningekwenda na kitu kimoja nilichokuzidi. Sasa hata hicho umenichukulia.

Raudha, usilie, nisikie mwenyewe ninachosema... Mungu awaweke pamoja. Awape watoto wenye afya, na mvua kwa wakati wake, na ufuta msiibiwe kwenye mizani. Mama yenu asilale na njaa wala asilale peke yake. Harithi, mdogo wako ni mdogo wako, usimfokee kwa ajili ya mali. Mniwie radhi, nami nimewawia radhi nyote... nyote, na yeye.

Mkono. Nani kanishika huu? Wewe siyo, Harithi, wewe una mikono laini. Mleteni yule... Njoo upande huu, mwanangu. Shika hapa.