Fundi na Msaidizi Wake

Ukitaka habari za mtu yeyote mtaani kwetu, usimwulize mwenyewe, atakuficha. Nenda ubavuni mwa kibanda cha Kinyozi, palipo na benchi refu na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Hapo huwakosi wanne. Kinyozi mwenyewe, anayetoka nje kila mara kiti kikiwa kitupu, taulo begani. Karani, aliyestaafu zamani lakini bado anachomeka kalamu mbili mfukoni. Redio, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hana pa kuzimia. Na baba yangu mdogo. Siku hiyo nilimfuata yeye, mwanangu mgongoni amelala, mfuko wenye sketi za kushona mkononi, na picha moja ya zamani ndani ya daftari isije ikakunjika.

Nilikuwa na shida moja tu. Stoo kwa Baba Mdogo kuna cherehani ya miguu iliyoachwa na babu zake. Toka nina akili haijashona kitu, juu yake zinawekwa ndoo za rangi. Mimi nashonea cherehani ya jirani, yeye akimaliza zake ndipo naanza zangu. Jirani anahama Jumamosi, nami nina sketi kumi na moja za shule, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mara mbili nilimwomba Baba Mdogo, mara mbili akanijibu kwamba cherehani ya Fundi, ndivyo anavyomwita babu yake, ni ya wanaume wa ukoo. Wanaume wa ukoo wenyewe hakuna anayeweza kushikiza hata kifungo.

Sasa jana yake nilikuwa nafuta kioo cha marehemu shangazi. Kadibodi ya nyuma ikabanduka, na hiyo picha ikaangukia mapajani mwangu.

Nilipofika, Kinyozi alisogeza jiko kwanza, miguu ya mtoto isilikaribie, ndipo akaniitikia salamu. Nikaitoa picha daftarini.

Kinyozi: Ishikeni kwa pembeni, jamani. Vidole vyenu vimejaa kahawa.

Redio: Lete nione. Lo! Bwana, masikio yako haya! Yalianza kutembea kabla hujazaliwa!

Baba Mdogo: (anacheka, kifua mbele) Huyo ndiye babu yangu. Ndiye Fundi mwenyewe. Mnamwona alivyosimama?

Kweli mwanamume alisimama wima, pasi ya mkaa mkononi. Kando yake mwanamke ameketi kwenye cherehani, ile ile iliyoko stoo, mguu juu ya kanyagio, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Hakutabasamu. Alitazama mbele kama mtu aliyekatizwa kazi. Nyuma ya picha pana maandishi ya wino. Karani alivaa miwani akayasoma polepole, kama barua ya ofisini.

Karani: "Fundi na msaidizi wake, siku ya kuhamia duka jipya." Mwandiko mzuri sana. Siku hizi hakuna.

Mimi: Umesikia, Baba Mdogo? Bibi yako naye alikuwa kazini. Alikuwa msaidizi, sawa, lakini alikuwemo. Basi nipe cherehani hata kwa jina la msaidizi. Nimalize sketi za watoto wa watu.

Baba Mdogo: Msaidizi kazi yake kushika kitambaa kisiburuzike. Cherehani ni ya Fundi.

Mimi: Mbona aliyeikalia ni yeye?

Karani: Hiyo ni adabu ya picha, mwanangu. Zamani mwanamke alipewa kiti. Na kiti kilichokuwepo ni hicho cha cherehani.

Redio: Tena mimi nilishasikia habari za fundi huyo. Aliwashonea askari wa kambi nzima. Suruali mia tatu kwa siku moja!

Kinyozi: Siku yako ina saa ngapi, Redio?

Redio: Zamani siku zilikuwa ndefu.

Karani: Na hiyo pasi mkononi? Fundi anashika pasi kwenye picha ya nini?

Redio: Pasi? Ile ni silaha! Kulikuwa na wezi wa vitambaa, mnafikiri utani? Mzee alilala nayo, imewaka.

Kinyozi: Kitandani? Na mkaa?

Redio: Watu wa zamani walikuwa wagumu.

Mimi: Na futi shingoni kwa bibi, nayo ni silaha?

Redio: Hiyo ni urembo tu, dada yangu. Jirani yake alinunuliwa mkufu, yeye hakununuliwa. Akaona asiaibike mbele ya kamera, akatupia futi.

Wakacheka wote. Hata mimi kidogo, nisiseme uongo. Redio akiona watu wamecheka ndipo anazidi kufungulia.

Redio: Lakini mnataka niwaambie ukweli? Huyo mwanamke pengine si wa ukoo kabisa. Wapiga picha wa zamani walikuwa na mwanamke wao wa kuazimisha. Kama walivyokuwa na koti na tai. Ukija peke yako, wanakukalishia mmoja kando, picha ijae.

Baba Mdogo: Inawezekana.

Alilisema haraka mno.

Mimi: Baba Mdogo, inawezekana nini? Mtazame paji la uso. Halafu nitazame mimi. Halafu mtazame huyu mtoto mgongoni. Sisi sote tumeazimishwa na mpiga picha?

Baba Mdogo: Nimesema inawezekana tu.

Mimi: Unamkana bibi yako mzaa baba yako, ili usinipe chuma kilichobeba ndoo za rangi. Mkane. Mimi simkani.

Kinyozi alinimiminia kahawa, akaongeza sukari bila kuniuliza. Akasema, "Kunywa kwanza, mama. Sauti isije ikamwamsha mtoto." Hakusema ninyamaze. Nililiona hilo.

Wakati huo akatokea msoma mita za maji, begi begani, daftari mkononi. Si mtu wa mtaani kwetu. Akauliza mita ya kibanda iko wapi, akaonyeshwa, akainama, akaandika namba zake. Kinyozi akampa kikombe. Alipokuwa anapuliza kahawa yake ipoe, akaiona picha juu ya goti la Karani.

Msoma Mita: Picha nzuri hiyo. Wanaitwaje?

Karani: Fundi na msaidizi wake. Imeandikwa nyuma.

Msoma Mita: Aha. Fundi ni yupi?

Redio alifungua mdomo. Haikutoka sauti. Miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara ya kwanza.

Baba Mdogo: Swali gani hilo? Fundi ni huyo aliyesimama.

Msoma Mita: Samahani, mzee wangu. Imeandikwa hivyo?

Karani: (anageuza picha) Imeandikwa "Fundi na msaidizi wake". Wake, maana yake wa fundi.

Msoma Mita: Fundi yupi?

Karani: Mwenye msaidizi.

Msoma Mita: Na msaidizi ni yupi?

Karani: Ni yule wa... wa fundi.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Picha ilikuwa ile ile.

Kinyozi: Bwana, marehemu baba yako alikuambia nini hasa?

Baba Mdogo: Aliniambia nyumba yetu ni nyumba ya Fundi.

Msoma Mita: Alisema Fundi ni baba yake?

Baba Mdogo: Alisema... alisema Fundi hakupenda uvivu. Fundi alikuwa wa kwanza kuamka. Alisema siku alipoiba sukari, Fundi alimchapa kwa futi.

Wote walikuwa wanaitazama futi, na mahali ilipo.

Msoma Mita aliona amesababisha jambo. Akasema yeye aliuliza tu, kazi yake kusoma kilichopo, hajui mengine.

Nami nitasema kweli. Usiku kucha nilikaa na picha ile, na hata mimi sikuwa nimeuliza. Mimi ninayeitwa fundi mlangoni kwangu kila siku. Hodi fundi, sketi ya mwanangu tayari fundi? Na bado nilipoona neno lile na watu wawili, nikampa mwanamume bila kufikiri, nikaja hapa kuomba kwa jina la msaidizi. Niliona aibu mbele ya yule mama asiyetabasamu. Halafu aibu ikaisha, nikaweka kikombe chini.

Mimi: Basi. Siku mtakayojua fundi ni yupi, njooni mniambie. Mpaka siku hiyo cherehani inakaa kwa anayeshona.

Baba Mdogo: Ufunguo wa stoo ninao mimi.

Mimi: Najua. Ndiyo maana nimesimama mbele yako.

Nikanyoosha mkono.

Baba Mdogo: Na nikikataa?

Mimi: Nitakaa hapa kesho na picha hii. Na keshokutwa. Kila anayepita nitamsimamisha, nimwulize fundi ni yupi.

Redio: Nami nitamsaidia kuuliza!

Kinyozi: Hapo umekwisha, bwana.

Baba Mdogo alitoa ufunguo bila kunitazama. Nyumba yake iko ng'ambo ya njia tu. Kinyozi na Msoma Mita walibeba cherehani, mmoja huku mmoja kule, Karani akahamisha ndoo za rangi mojamoja, kwa mpango. Redio nilimpa mtoto. Alikaa kimya kabisa, jasho linamtoka, asimwamshe.

Uzito uliwashinda pale kijiweni, wakaitua. Gurudumu lilikuwa limeganda kwa kutu. Kinyozi akaingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta ya mashine yake ya kunyolea. Akatia matone hapa na pale, tukasubiri, tukalitikisa. Mara ya nne likazunguka. Mkanda ulikuwa umelegea, lakini ulishika. Nikapitisha uzi. Nikatoa sketi ya kwanza.

Baba Mdogo: Hapa ni kijiweni, si kiwandani. Ipeleke kwako.

Mimi: Nitaipeleka jioni. Sasa hivi kuna mwanga, na cherehani haishonewi kwa kusimama. Songeni.

Wakatazamana.

Mimi: Nimesema songeni.

Karani alisonga na kalamu zake. Msoma Mita, ambaye hata hakuwa wa hapo, alisonga. Redio alisonga kwa matako tu, mtoto mikononi. Baba Mdogo alisonga wa mwisho.