Sindano ya Saa Sita

Kitu cha kwanza alichokiona mfagizi wa wodi ni barua. Muuguzi aliyeketi kiti cha mbele yake ndani ya basi aliikunja mara nne, akaikunjua, akaikunja tena. Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kujitetea mbele ya wakuu wa hospitali.

"Wanasema nilichoma sindano saa sita na dakika tatu, na daktari aliagiza saa sita na dakika tisa," alimwambia jirani yake, fundi wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo. "Eti nilijiamulia. Kompyuta haisemi uongo."

"Husema, dada. Kompyuta ya wodi yenu haina mwili wake; ni kama mpangaji aliyepanga chumba ndani ya kompyuta kubwa. Adhuhuri tunanakili mafaili yote. Diski ikielemewa, mpangaji hukosa zamu na saa yake hubaki nyuma. Kompyuta ya daktari iko mashine nyingine, saa yake haichelewi."

"Basi njoo uwaambie."

"Kwa ushahidi gani? Kunakili kukiisha, saa hujirekebisha yenyewe. Bosi ataniuliza nimeota wapi."

"Kwa hiyo akosee mpangaji wako, nifukuzwe mimi?"

Fundi akageukia dirisha.

Basi likasimama getini. Mfagizi, ambaye wodini watu humruka kama wanavyoiruka ndoo yake, akamgusa muuguzi begani. Neno alilolimeza siku tisa, tangu siku ya sindano ile, likamtoka.

"Dada, daktari aliagiza kwanza. Nilikuwa napiga deki mlangoni, nikamsikia. Ndipo ukachoma."