Mama Drusilla Nyanchama Obwocha (1924–1977), Aliyewatoa Watoto Nje

Mama Drusilla Nyanchama Obwocha, ambaye leo Alhamisi tarehe 5 Januari 1978 tumekuja kumsindikiza, alizaliwa mwaka 1924 karibu na soko la Kebirigo. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ombati na marehemu Mama Kerubo. Tarehe kamili haikuandikwa. Mama yake alisema tu kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia wimbi, na kwamba mtoto huyo alilia kwa nguvu hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Waliomjua hawatashangaa. Hakuwa mtu wa kunyamaza pale jambo lilipoharibika, na mengi yaliharibika mbele ya macho yake.

Alianza shule ya misheni mwaka 1934, baada ya ubishi. "Msichana akisoma, atamwandikia nani barua?" aliuliza Mzee Ombati. "Nitakuandikia wewe, Tata," alijibu binti yake. Aliishi kwa shangazi yake huko Nyanchwa na kumaliza darasa la sita mwaka 1941. Barua kwa baba yake aliiandika kweli. Ilisema kwamba shuka la shangazi lina matundu na kwamba mwalimu wa hesabu amekosea mara mbili.

Tarehe 18 Agosti 1946 alifunga ndoa na Thadeus Obwocha, fundi cherehani, katika kanisa la Nyanchwa. Walijaliwa watoto sita, na wawili kati yao walitangulia wakiwa wachanga. Mzee Thadeus alishona nguo katika soko la Daraja Mbili kwa zaidi ya miaka ishirini, na wateja wake wanajua kwamba mara nyingi suruali zao zilichelewa. Sasa wajue sababu: mkewe alikuwa amemletea magunia ashone mito mizito ya kulaliwa na watoto, na mito ilitangulia suruali.

Mwaka 1952 aliajiriwa kuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya wilaya hii. Alipiga deki, akaosha wagonjwa, akajifunza kufunga vidonda. Miaka ya sitini polio ilipopita katika vijiji vyetu, alihamishiwa wodi ya watoto. Huko ndiko alikokutana na Sista Syprose Owino, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kutoka Kisumu mara moja kwa mwezi kuanzia mwaka 1966. Sista Syprose alimfundisha kunyoosha mguu uliokakamaa bila kuuumiza, kumgeuza mtoto asiyeweza kujigeuza, na kumkalisha yule ambaye shingo yake haijapata nguvu.

Lakini Mama Drusilla aliona jambo ambalo wakubwa wa hospitali hawakutaka kuliona. Mama mmoja alitoka Kebirigo na mtoto wa miaka saba mgongoni, akafika jua likiwa limepanda, akaonyeshwa mazoezi kwa robo saa, akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata hakuonekana.

"Sista, tunawangojea hawa kama mtu anayengojea mvua Januari," alisema Mama Drusilla.

"Basi waendee," alijibu Sista Syprose. "Wewe unazijua njia. Mimi hata nikiuliza njia napewa ndizi na hadithi."

Aliomba ruhusa ya kuwaendea. Mwaka 1968 aliandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba mhudumu wa wodi ni wa wodi. Ya tatu ilijibiwa kwamba wagonjwa huletwa hospitalini, hospitali haipelekwi kwa wagonjwa. Mwezi Machi 1969 aliacha kazi hiyo, akarudi nyumbani na chupa ya mafuta ya kuchulia, na tangu siku hiyo akazunguka vijijini kwa miguu yake.

Hapa lazima isemwe kweli, hata kama mazishi si mahali pa kugombana. Alipopiga hodi alipokelewa vizuri. Alipewa kiti na uji. Alipouliza kama kuna mtoto mwenye shida ya viungo, aliambiwa, "Hapa? Hapa hatuna." Mtoto alikuwa chumba cha nyuma. Wengi waliomjibu hivyo walikuwa watu wa kanisa, na wengine wameketi hapa leo. Mama Drusilla hakubishana. Aliangalia kamba ya nguo. Alisema blanketi linaloanikwa kila siku ni la mtu asiyetoka nje. Akaomba uji mwingine, akaketi, akazungumza habari za mahindi mpaka aliyefichwa akakohoa. Kisha akainuka na kusema, "Haya, huyo aliyekohoa naye aje anisalimu." Kwa njia hiyo aliwatoa watoto arobaini na mmoja.

Mmoja wao ni Abigael, binti wa Bathsheba Mogire, jirani yetu. Alizaliwa mwaka 1967, na alipokuwa na miaka miwili alipata malaria iliyopanda kichwani. Alipona homa, lakini shingo na kiuno vililegea, na mkono wa kulia ukajikunja kifuani. Alilala chali kwa miaka miwili. Mwaka 1971 Mama Drusilla alifika, akaomba jembe, akachimba shimo dogo kando ya mlango wa jikoni, lenye kina cha kufika kiunoni kwa mtoto. Akatandika majani makavu ya mgomba, akamweka Abigael ndani, akamzungushia udongo mkavu ili asiangukie upande wowote. Kwa mara ya kwanza mtoto yule aliketi wima na kuuona uwanja wa nyumba yao.

Habari ilikimbia. Kabla ya saa sita naibu wa chifu alifika na askari wake, amekasirika.

"Ni nani anayemzika mtoto mzima katika eneo langu?"

"Ni mimi, Mzee," alisema Mama Drusilla. "Karibu uketi."

"Siketi! Mtoto amefukiwa!"

"Mzee, umewahi kuona maiti akila ndizi?"

Naibu wa chifu alitazama chini. Abigael alikuwa ameshika ndizi mbivu kwa mkono wa kushoto, anaila, na sehemu yake imempakaa hadi masikioni. Askari alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Na atatoka lini?" aliuliza naibu wa chifu, sauti imeshuka.

"Akimaliza ndizi."

Kwa miaka miwili shimo lilihamishwa, likapunguzwa kina, kisha likafukiwa kwa sababu halikuhitajika tena. Miti miwili ya mkaratusi ililazwa juu ya nguzo zenye panda, sambamba, na Abigael akajifunza kutembea katikati yake. Leo anatembea. Anachechemea, lakini anatembea.

Mkono wa Abigael ulimtesa Mama Drusilla zaidi. Mwaka 1973 alikwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, akaacha maagizo kwamba mkono unyooshwe asubuhi na jioni. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuta nyanya yake Abigael ametimiza kila zoezi bila kukosa hata siku moja. Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. "Ule mwingine ni mgonjwa," alieleza ajuza huyo kwa upole. "Niliuacha upumzike." Mama Drusilla alikaa chini, akafunika uso kwa leso, akasema, "Mong'ina, bibi yangu, umenitengenezea bondia wa mkono mmoja." Kisha wakaanza upya.

Mwaka 1974 serikali iliondoa karo ya madarasa ya chini, na kila baraza likatangaza kwamba elimu sasa ni ya watoto wote. Mama Drusilla aliyaamini maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Januari 1977, Abigael akiwa na miaka tisa, alimpeleka pamoja na mama yake kuandikishwa darasa la kwanza katika shule iliyo hapa karibu. Kila mmoja wetu anaijua desturi: mtoto hupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, na akilifikia, basi ametosha umri. Abigael alipitisha mkono wa kushoto akalishika sikio la kulia bila taabu. Nyanya yake, aliyekuwa amewafuata, alipiga makofi. "Si niliwaambia mkono huu utafaa?"

"Mkono wa kulia," alisema mwalimu mkuu, Bwana Manasseh.

"Mwalimu, mkono wa kulia umekakamaa. Unauona."

"Nauona. Lakini utaratibu ni mkono wa kulia."

"Mtoto huyu anajua kuhesabu hadi mia. Ana miaka tisa. Yule uliyemwandika sasa hivi ana meno ya utotoni!"

"Mama, mimi sikuutunga utaratibu."

"Basi niambie. Unaandikisha mtoto, au unaandikisha sikio?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na huenda hilo lilikuwa kosa, kwa maana mwalimu hakuweza tena kurudi nyuma mbele yao. Alitaka barua ya chifu kuthibitisha umri. Chifu alitaka kwanza barua ya daktari. Daktari alisema umri si ugonjwa, akamwelekeza ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu ilisema mwalimu mkuu ndiye anayejua shule yake. Mama Drusilla alizunguka mduara huo kuanzia Januari hadi Juni. Alipopata barua zote aliambiwa darasa limejaa, na, zaidi ya hayo, ni nani atakayempeleka mtoto huyo chooni? "Anakwenda mwenyewe," alisema Mama Drusilla. "Yeye huenda chooni kwa miguu. Ni barua zako ambazo hazina miguu."

Mwanawe mdogo, aliyekuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, alimwambia kwamba yote haya ni kazi ya serikali na kwamba ataandika gazetini kuwafichua wote. "Andika, mwanangu," alijibu. "Lakini kwanza shika kiwiko hiki hapa, ninyooshe vidole." Alikishika kwa saa nzima. Barua ya gazetini hakuiandika siku hiyo, na alielewa kwa nini.

Mwezi Julai miguu ya Mama Drusilla ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema ni moyo, wakamwamuru apumzike. Alilazwa mwezi Novemba kwa wiki tatu, akatolewa akiwa amepata nafuu kidogo. Hakuweza tena kupanda mlima, kwa hiyo Abigael aliletwa kwake kila asubuhi. Mama Drusilla alikuwa amelala, Bathsheba akiushika mkono wa mwanawe, na maagizo yakitoka kitandani: "Polepole. Usiuvute kama kamba ya ng'ombe. Ngoja ulegee wenyewe. Sasa." Hakuipenda hata kidogo ile desturi ya sikio. Aliiita upuuzi. Lakini alisema kwamba mtu mzima anaweza kugombana na upuuzi miaka kumi, na mtoto hana miaka kumi ya kungoja, kwa hiyo atagombana nao na wakati huohuo atauandaa mkono.

Siku ya Alhamisi tarehe 29 Desemba, vidole vya mkono wa kulia wa Abigael vilivuka utosi kwa mara ya kwanza. Mama Drusilla aliomba asogezewe mtoto, akapima kwa mkono wake mwenyewe nafasi iliyobaki kati ya vidole na sikio. Ilikuwa upana wa vidole vitatu. "Vitatu," alisema. "Januari mkono hautakuwa umefika." Kisha akamwambia mumewe, "Baba Zachariah, mpeleke hivyohivyo. Mkono wa kushoto unatosha. Ulitosha tangu Januari iliyopita." Aliaga dunia kesho yake, Ijumaa tarehe 30 Desemba 1977, saa tano asubuhi, nyumbani kwake.

Ameacha mumewe, Mzee Thadeus Obwocha; watoto wake Zachariah, Kwamboka, Moraa, na Ombati aliyeandika wasifu huu; wajukuu tisa; dada yake mmoja aliyeko Kebirigo; rafiki yake Sista Syprose Owino, aliyesafiri tangu alfajiri kuwa nasi; na watoto arobaini na mmoja ambao baadhi ya ndugu walishauri wasitajwe katika karatasi hii kwa kuwa si wa ukoo. Wametajwa. Wengi wao wapo uwanjani hapa, mchana, nje, mbele ya watu.

Familia inawashukuru wote waliofika. Inamshukuru kwa namna ya pekee Bwana Manasseh, mwalimu mkuu, aliyeacha shughuli zake na kuja kumpa marehemu heshima za mwisho. Shule inafunguliwa Jumatatu tarehe 9 Januari. Saa mbili asubuhi Mzee Thadeus atafika ofisini akiwa na Abigael, barua zote, na mkono wa kushoto. Wale ambao wameguswa na maisha ya Mama Drusilla, na hawana la kufanya asubuhi hiyo, wanaombwa wafuatane naye.

Mama Drusilla ametembea vya kutosha. Apumzike sasa kwa amani ya Bwana. Sisi wengine tutapumzika jina la Abigael likishaandikwa.