Rosaire Tetreault na Boksi la Bluu

Marehemu Rosaire Tetreault alizaliwa Holyoke, Massachusetts, tarehe 11 Machi 1941, mtoto wa tatu wa Bwana Aurèle na Bibi Exilda. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la nane. Masista walimpenda, ila hesabu haikumpenda.

Alianza kazi kwenye kiwanda cha maboksi, kisha akahamia kiwanda cha bastola kule Springfield, chumba cha kufungashia, akabandika lebo hadi alipostaafu mwaka 2003. Wakusanyaji wa bastola za kale walimfuata hadi nyumbani awakagulie maboksi yao. Bastola ikiwa ndani ya boksi lake la asili, lebo haijachubuka, na namba ya penseli chini ya boksi inalingana na ile ya kwenye chuma, yaani bastola yenyewe, bei yaweza kupanda mara mbili. Namba zikipishana, marehemu alikunja uso: "Hiyo ni maiti kwenye jeneza la jirani!" Mtuwie radhi kulirudia neno hilo leo.

Mwaka 1966 alifunga ndoa na Bi. Lucille Gagnon. Siku moja mkewe alimuuliza, "Na mimi mbona hukudai boksi langu?"

"Boksi lako ni mama yako. Nikaona heri nile hasara."

Walijaliwa Claudine na Normand, ambao tangu Krismasi ya 2009 hawasemezani. Waligombania nani apike pai ya nyama ya mkesha. Jambo hilo lilimuumiza sana baba yao.

Oktoba 2018 alipata kiharusi, maneno yakamchanganyikia; kijiko akakiita ufunguo. Januari akagawa bastola aliyoachiwa na baba yake: chuma kwa Claudine, boksi lake la bluu, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, kwa Normand. Bi. Lucille alishika kichwa. Si huyu aliyewalaani maisha yake yote watu wanaotenganisha vitu hivyo?

"Baba, boksi liko wapi?" aliuliza Claudine.

"Kwa mdogo wako."

"Unajua siongei naye."

"Basi una chuma tu." Kisha akaomba ufunguo wa kunywea supu.

Daktari alisema ni ugonjwa. Padri alisema huenda si ugonjwa. Bi. Lucille hakujua amwamini nani.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 9 Februari 2019.

Jana jioni, sebuleni, Normand aligeuza boksi, akamwambia dada yake, "Hebu soma namba."

Claudine akasoma, kisha akasoma ya kwenye bastola aliyokuja nayo. Hazikulingana hata kidogo. Wakatazamana, wakaangua kicheko, kisha wakalia wakiwa wameshikana. Bi. Lucille aliwauliza, "Sasa alijua, au hakujua?" Hata sisi tunaosoma hapa hatujui.

Ameacha mjane, Bi. Lucille, binti, Claudine, mwana, Normand, na wajukuu wanne. Baada ya maziko mnakaribishwa nyumbani kwa pai ya nyama. Wamepika wote wawili.

Apumzike kwa amani, ndani ya sanduku ambalo kwa hakika ni lake.