Kopo la Aiskrimu Linakwenda Kiwandani

Tangu basi litoke mji wa Mlolongo, Nzilani alikuwa ameketi nyuma ya kijana na mzee, na hakuhitaji kutega sikio ili awasikie. Kijana alikuwa amepakata kopo la aiskrimu lenye nyaya zilizotokeza kwenye kifuniko. Mzee wa pembeni yake, mwenye bisibisi mfukoni, alishindwa kunyamaza. "Hiyo ni nini, kijana?"

"Ni kompyuta ndogo, mzee, ile ya kujifunzia. Leo naifunga kwa kiwanda cha unga, iendeshe mashine ya kusaga. Ikimaliza shifti bila kukwama, wananiandika kazi."

"Umeijaribu wapi?"

"Nyumbani, kwa meza ya mama. Wiki mbili, haijasumbua."

"Meza ya mama inatetemeka?"

"Hapana."

"Iko na vumbi?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mama hawezi kubali vumbi, mzee."

"Basi hujaijaribu," mzee alisema bila ubaya. "Hiyo mashine hutetemeka mpaka meno yaume. Hizo nyaya umechomeka tu. Zipige solda zishikamane, halafu utafute sanduku la chuma."

"Nimeweka gundi."

Nzilani alilitazama lile kopo. Hakuwa na shaka kwamba kuna mama mahali fulani analitafuta.

Mbele ya lango la kiwanda kuna matuta matatu. Kwenye tuta la tatu, kitu kiling'oka ndani ya kopo, kikaviringika hadi pembeni.

"Na hiyo?" mzee aliuliza.

"Skrubu ya akiba," kijana alijibu, na basi likasimama.