Mjukuu Wangu Alijifunza Kukatala Mbele ya Kwenda Italia

Ni ule mwaka tulikula gaga. Bamama ba zamani humu kanisani banaukumbuka. Mahindi yalikosekana mu soko yote, tukapika bugali na yale maganda ya mahindi yenye bantu banapatiaka kuku, na pembeni maembe mabichi ya kuchemsha na chumvi. Tumbo linajaa, njaa inabaki palepale. Musiniulize ni mwaka wa ngapi. Shule yangu iliishia darasa la tatu kule Fizi. Mi nahesabiaka miaka na sufuria.

Mu ule mwaka wa gaga njo mtoto wangu wa kwanza alienda.

Mtu mumoja alikuja hapa kambini na viatu safi. Simutaji jina, na ata nikimutaja hamutamukuta. Alikuwa anaongea Kiswahili chetu cha kwetu, analia na benye kulia, anaomba vizuri kuliko muchungaji. Akasema kule Afrika ya Kusini kuna mashamba ya zabibu, banatafuta vijana. Akabaambia: nipeni makaratasi yenu nibachungie, njiani kuna bezi. Mwanangu akatoa yake na mikono mbili, ameinamisha kichwa, vile nilimulea. Mi nilikuwa nimesimama palepale. Nilifurahi moyoni, nikasema huyu mtoto iko na adabu.

Kisha tukafanya vile sisi bakimbizi tunafanyaka hapa Dzaleka. Munajua. Mtu akienda mbali, vitu vyake tunagawana: huyu sufuria, huyu kiti, huyu matela ya kulalia. Nani alishaenda akarudi? Basi nikagawa. Kiti chake kikaenda, blanketi ikaenda, ata ndoo yake ya kuogea. Nyumba ikabaki kama mdomo wa mzee.

Simu yake haijalia mpaka leo.

Bandugu, nawaambia, nilianguka. Si kuanguka kwa kuteleza. Nilianguka vile nyumba ya matofali mabichi inaangukaka mu mvua, ukuta wote pamoja. Sikuja kanisani, sikuja mu kikundi, shamba likaota majani. Bamama babili ba humu, sibataji, lakini mumoja naona anarekebisha kitambaa cha kichwa sasa hivi, balikuwa banakuja kila asubui kuniwashia moto na kunitukana kidogo. "Mama, we si wa kwanza kulia hapa. Amka, mtoto iko na njaa." Huyo mtoto ni mjukuu wangu, binti ya yule mwanangu. Mama yake alishatutoka. Nikaamka kwa sababu yake, nikaanza kukaanga mandazi.

Lakini niliamka na ugonjwa. Tangu ile siku siaminiaka mtu mwenye viatu safi. Ata muchungaji akinunua vipya, namuangalia mara mbili. Muchungaji, usicheke, unajua ni kweli.

Mjukuu akakomaa, akasoma. Mwaka ule balitupatia maharage magumu yasiyoivaka, yenye kumaliza makaa ya mtu bure, njo aliingia universite kule Lilongwe. Nilitembea humu kambini kifua mbele, muliniona. Hamukunipenda ule mwezi.

Kisha jumamosi moja akafika nyumbani, macho yanang'aa.

"Koko," vile ananiitaka mi bibi yake, "balinichagua. Sisi ba mwaka wa kwanza tutaenda kusoma Italia, semestre moja."

"Semestre ni nini?"

"Ni nusu ya mwaka wa masomo. Kisha tunarudi."

"Nani alisema munarudi?"

"Mwalimu wetu."

"Iko na viatu vya namna gani?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mi sikucheka.

Mutaliano nilijua mumoja tu, padri wa kule kwetu, ndevu mpaka hapa, alikuwa anapanda pikipiki mu matope na kula makaroni. Alikuwa mtu mwema. Lakini mtu mwema mumoja hafanye inchi nzima kuwa njema. Na nikajiuliza: kwa nini banachukua ba mwaka wa kwanza? Kwa nini basichukue bale bakubwa benye karibu kumaliza? Mwizi wa kuku anachukuaka kifaranga, jogoo litapiga kelele.

Bakaanza kubatayarisha. Kila jumamosi banakusanyika mu sale moja, chumba cha mikutano, kule Chilinde, nyuma ya soko, na mjukuu anarudi na mambo mapya. Leo anakula bugali na kanya, kile kijiko cha meno, mchuzi unamumwangikia. Kesho ananiambia kule takataka iko na madebe tofauti, maganda huku, karatasi kule, na ukikosea jirani anakasirika. Kesho kutwa ananiambia tikiti ya treni unaipigisha muhuri ku mashini mbele ya kupanda.

"Na ukitaka kutembelea mtu, koko, unamupigia simu kwanza."

"Ata mama yako?"

"Ata mama yako."

"Hiyo si inchi. Ni hospitali."

Lakini usiku sikulala vizuri. Mbuzi ya kuchinja njo banailishaka majani mazuri. Mtu gani anafundisha batoto ba bengine kula, kutembea, kulala, bila kutaka kitu?

Habari zikatembea kambini, kwa sababu hapa ata sufuria ikifunikwa bantu banajua ndani kuna nini. Jirani yangu, mlango wake na wangu inaangaliana, akaja na sahani ya sombe, majani ya muhogo, kunipongeza. Akakaa, akala nusu ya ile sombe yeye mwenyewe.

"Mama, tunashukuru Mungu. Sasa ile matela ya mtoto, ile ya sponji nzito, usisahau jirani. Unajua mgongo wangu."

"Kwani anaenda wapi?"

"Aa, mama. Italia. Kambi yote inajua. Na kule hakuna mwenye kurudiaka, tusidanganyane."

Nikamujibu: "Hapana, mama. Hii iko na mwenyewe."

"Sawa, sawa," akasema, akachukua sahani yake. "Nitapita tena."

Mu moyo wangu maana ilikuwa moja tu: mtoto haende popote. Nilimuita mjukuu nikamuambia hivyo hivyo. Hakugombana. Alinawa mikono, akaacha chakula, akasema pole pole: "Koko, njoo basi uone na macho yako. Kisha ukatale."

Basi nikaenda. Nilivaa kitenge cha Pasaka, nikapanda kabaza mpaka barabarani, huyo kijana wa baskeli analalamika ku kila kilima kama ni mi nimeviumba. Kisha minibasi mpaka Lilongwe, mjukuu iko pembeni. Kule Chilinde tukaingia mu sale. Batoto bamekaa mu duara, bengi Bamalawi, betu kidogo. Mwalimu ni mama wa hapa Malawi, mfupi, na viatu vyake vilikuwa na vumbi. Hiyo nilipenda kidogo. Kidogo.

Sikungoja aniulize. Nikamuambia mjukuu: tafsiri, na usipunguze pilipili.

"Nani atachunga makaratasi ya batoto kule?"

Mwalimu aliniangalia, akapiga makofi yale ya heshima. "Zikomo, agogo," njo asante bibi kwa Chichewa. "Batachunga benyewe. Si mimi, si mwenye nyumba atakayebapokea, si mtu mwingine. Somo la leo njo hilo. Kaa uone."

Nikakaa. Akafunga kitambaa ku kichwa, akageuka mwanamke wa njiani. Bakajifanya beko ku steshoni ya treni. Kila mtoto alipewa kipande cha karatoni, hiyo njo paspoti. Mwalimu anakuja kwa kila mumoja na maneno ya sukari, na mtoto anapaswa kukatala. Bakacheka sana. Kijana mumoja alikatala vizuri mpaka akakimbia nje ya sale.

Ikafika zamu ya mjukuu wangu. Mwalimu akanyoosha mkono, mtoto mumoja wa betu ananitafsiria pembeni: "Mwanangu, umechoka. Lete paspoti nikuchungie, hapa kuna bezi."

Bandugu, maneno yaleyale. Kama alikuwa amesimama nyuma ya mlango wangu ule mwaka wa gaga.

Na mjukuu wangu, mwenye kujua kama ni muchezo, mwenye kujua kama hiyo ni karatoni, akakunja goti kidogo, akainamisha kichwa, akatoa na mikono mbili.

Bakacheka. Mwalimu akasema, tena. Akafanya tena. Mara hii alitaka kukatala, niliona midomo inatafuta lile neno, lakini likatoka "samahani, mama", na mikono ilishatangulia. Mwalimu akamueleza na Kiingereza, pole pole, hana hasira. Mtoto anaitika na kichwa, ndiyo, ndiyo. Mara ya tatu, mikono mbili.

Pale niliona baba yake. Bega lilelile, shingo ileile.

Mwalimu alikuwa anafundisha vizuri. Lakini kile alikuwa anapigana nacho hakikuwa ujinga. Sisi tunaleaka batoto betu hivi: mkono wa mtu mzima haubaki mutupu. Ukimupatia mkubwa kitu na mkono mumoja, unapigwa. Ukimuambia hapana, ukoo wote unaitwa. Hayo malezi ni kamba. Nani alipaswa kuifungua? Yule aliyeifunga.

Nikasimama. "Mama mwalimu, unipishe." Nikanyoosha mkono kwa mjukuu. "Nipatie."

"Koko..."

"Mi si koko. Mi ni mtu wa viatu safi. Nipatie."

Akanipatia.

"Baba yako alipatia hivyohivyo," nikasema. "Mikono mbili. Nilikuwa naangalia."

Sikuwa nimemuelezea kamwe vile baba yake alienda. Machozi yalimujaa, lakini hakuangalia chini. Nikamurudishia karatoni.

"Jirani aliomba matela yako. Ulikuwa nyuma ya rido, lile pazia letu, ulisikia. Nilimujibu nini?"

Akanyoosha magoti. Akashikilia karatoni ku kifua.

"Hapana, mama. Hii iko na mwenyewe."

"Na nguvu."

Akarudilia. Nikamubembeleza. Nikalia machozi ya uongo, najua kulia vizuri. Nikamuita mtoto asiye na malezi, nikamuambia nitamulaani. Akasema neno lilelile, hajaongeza, hajapunguza. Kisha nikakaa. Mwalimu akauliza alisema nini, akaelezewa, akabasemesha bote lile neno, kwa Chichewa, kwa Kiingereza, na kwa Kitaliano. Kwa Kitaliano ni refu kama makaroni.

Mu minibasi ya kurudi mjukuu aliniuliza juu ya baba yake na nikamuelezea yote, mpaka ile ndoo ya kuogea. Tulipofika barabarani nikamuambia: "Enda. Lakini sitagawa kitu."

Na sikugawa. Siku alienda mulikuja kuimba, nikabaruhusu kuimba, lakini macho yenu yalikuwa ku kabati, niliyaona. Matela yake iko imetandikwa na shuka. Kila jumamosi naitoa ku jua, kwa sababu ya kunguni, naipiga na fimbo, naitandika tena.

Kisha akanipigia simu. Alikuwa ku steshoni kule, valizi ya nguo pembeni, na mama mumoja akasikia anaongea Kiswahili. Mama amevaa vizuri, ananukia vizuri. Akasema kwetu ni Uvira, akamukumbatia, akalia, akamuita mwanangu. Akamuambia: kurudi mu kambi kufanya nini? Lete paspoti, najua mtu, nitakutafutia kazi na pa kulala.

"Koko, magoti yangu yalikuwa yanataka kuinama."

"Na we?"

"Nilisema."

"Ulisema na sauti?"

"Bantu baligeuka, koko."

Labda yule mama alikuwa mtu mwema. Kama ni hivyo, Mungu anisamehe. Lakini mama mwema iko na paspoti yake mwenyewe, ya mtoto wangu ya nini?

Najua bengine munanong'ona kama ushuhuda hautolewaka mbele ya mtu kurudi. Eti ningoje, nisije nikaaibika. Mi nautoa leo. Ushindi wangu si kusema mtoto amefika. Mwaka wa gaga nilitoa mtoto na nikaanguka. Safari hii nimetoa mtoto na bado nimesimama, shamba langu limelimwa, mandazi yangu munayakula, na madeni yenu nayajua. Mashaka sijaacha na sitaki kuacha. Zamani yalikuwa yananilalia juu. Sasa yamekaa ku mlango, yanauliza kila anayepita anataka nini.

Nabashukuru bale bamama babili ba moto wa asubui. Matusi yenu yaliniponya. Namushukuru mwalimu wa viatu vya vumbi, aliyenipisha bila kununa. Na bazazi, nabaachia hili: fundisheni batoto kutoa na mikono mbili, ni vizuri, njo malezi yetu. Lakini siku moja moja unyooshe mkono wewe mwenyewe, mama mtu mzima, uombe kitu chao, na bakikatala usibapige. Baache bazoee na wewe, mbele ya kukutana na mtu wa viatu safi.

Leo asubui, nikifunga mlango nije huku, jirani alikuwa amesimama kwake, mkono ku kiuno.

"Mama, semestre karibu inaisha na hatuoni mtu. Bale banarudiaka? Ile matela inaoza bure."

Niliweka ufunguo mu kitenge, nikafunga fundo.

"Hapana, mama. Hii iko na mwenyewe."